Mechi Nne za Milo Vondracek

Kwa miaka ishirini na tisa Milo Vondracek alihudhuria kila mechi ya mpira wa Kimarekani ya Chuo cha Dvorsky, kule Nebraska, bila kuuona mpira. Alikuwa kocha wa safu ya mbele, na kocha wa safu ya mbele hutazama miguu: miguu ya wale vijana watano wanene wanaoinama mstarini, kisha wanainuka na kugongana na watu ili mwenzao mwembamba apite na mpira kwapani, ashangiliwe, aandikwe gazetini. Milo alijua nani katanguliza mguu wa kushoto na nani kainua kiuno mapema mno. Mpira ulielekea wapi baada ya hapo, hiyo haikuwa shughuli yake.

Habari za mpira alizipata nyumbani. Kila Jumamosi baada ya mechi mkewe Leona, ambaye alikaa jukwaani na darubini ya marehemu baba yake ya kuwindia bata, alimpakulia supu ya maini akamsimulia mchezo toka mwanzo hadi mwisho.

"Bao la pili tulilipataje?" Milo angeuliza, akipuliza kijiko.

"Mtoto wa Hansen kamrushia mwenzake kule pembeni. Aliyekuwa anamkaba kateleza."

"Ahaa. Ndiyo maana watu walipiga kelele."

Milo alizaliwa shambani, maili saba kutoka mjini Dvorsky, kwenye mahindi pande zote. Akacheza katikati ya safu hiyohiyo, chuoni hapohapo, mpaka goti likageuka upande ambao goti haligeuki. Tangu hapo anatembea kwa kuuvuta mguu. Asubuhi alifundisha somo la afya, jioni alifundisha kusukuma. Mara tatu chuo kilitafuta kocha mkuu, na mara tatu Milo alivaa tai yake moja, akaenda kuomba. Mara zote tatu aliambiwa yeye ni nguzo. Watu wakikuita nguzo, ujue hawana mpango wa kukusogeza.

Mara ya tatu walituletea Brant Dellinger kutoka Florida. Alikuja na miwani myeusi na kitabu cha mbinu mia moja na arobaini. Alikuja pia na mabango makubwa yenye picha, bata, pizza, meli ya angani, ambayo wasaidizi wake waliyainua pembeni mwa uwanja ili vijana wajue mbinu gani inafuata. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tulisema. Hatukupona. Tulicheza mechi sita tukapigwa sita. Vijana walisimama mstarini wameinua shingo kuyatazama mabango, na wapinzani wakawa wameshaanza kuwapita.

"Kocha," Tavita Leota alimwuliza Milo siku moja mazoezini, "nikiona bata, niende kulia au nile?"

Tavita ndiye aliyekaa katikati ya safu, yeye ndiye anayeutoa mpira kati ya miguu yake kumpa mgawaji, yule anayeurusha au kumkabidhi mkimbiaji. Msamoa aliyekulia Hawaii, kilo mia moja na arobaini, mwaka wake wa mwisho chuoni. Kila Novemba alilalamika kuhusu baridi ya Nebraska kana kwamba alikuwa hajawahi kuambiwa.

"Usile," Milo alimjibu. "Bata ni kulia. Nafikiri."

Mechi ya sita ilikuwa ile ya wahitimu wa zamani kurudi nyumbani, siku ambayo watu huja na wajukuu, bendi hupita barabara kuu, na timu hupangiwa mpinzani dhaifu makusudi ili wazee wafurahi. Mpinzani dhaifu alitupiga hamsini na mbili kwa tatu. Wazee waliondoka kabla ya mapumziko. Jumapili, Milo akiwa ndio kwanza katoka kanisani, mkuu wa chuo, Daktari Harriet Lindqvist, alimpigia simu.

"Dellinger ameondoka, Milo. Nakuomba uishike timu hizi mechi nne zilizobaki. Desemba tutatafuta mtu."

"Mtu," alisema Milo.

"Unanielewa ninavyomaanisha."

"Nakuelewa, Daktari."

Leona alikuwa jikoni anasikia, na hakumsubiri aweke simu chini.

"Kataa. Unajua wanavyoandika pale kwenye mlango wa jimu."

Alijua. Kila mtu mjini anajua. Pale mlangoni kuna bamba la shaba, na kwa desturi ya Dvorsky msimu mzima huandikwa kwa jina la kocha aliyeumaliza, awe aliuanza au hakuuanza. Miaka tisini ya majina, na hakuna msimu hata mmoja uliokwisha bila ushindi. Kulikuwa na miaka ya ukame, ya vita, mwaka mmoja timu nzima iliugua matubwitubwi, lakini angalau moja ilipatikana. Milo akipigwa hizo nne, sifuri ya kwanza katika miaka tisini itakaa mbele ya jina la Vondracek, na Dellinger atakuwa Florida anaota jua.

"Mwenzio kavunja chungu, wewe ndiye uokote vigae?" alisema Leona.

"Nikikataa, vijana watapewa nani?"

"Usinidanganye kwa vijana, Milo."

Milo akakaa. Akalikanda goti lake muda mrefu.

"Sawa," alisema. "Nina miaka sitini na mmoja. Nimeitaka kazi hii tangu nikiwa na thelathini na mbili, na naitaka leo, hata kama ni ya mechi nne. Naogopa ile sifuri. Lakini naitaka."

Leona akafungua friji akatoa supu.

Jumatatu Milo alikitupa kitabu cha Dellinger kwenye pipa mbele ya timu nzima. Mabango akayapeleka nyumbani kuzibia banda la kuku, na kuku wa Leona wakapitisha baridi ile wakitazamana na pizza. Kisha akawaambia vijana kwamba wana mbinu nne tu. Kulia, Kushoto na Katikati, ambazo zote ni kukimbia na mpira nyuma ya safu. Na ya nne ni kuurusha mbali, wapinzani watakapokuwa wamesahau kwamba unaweza kurushwa.

"Nne tu?" aliuliza Wyatt Sorensen, mgawaji mpira, kijana mwenye mkono mzuri na wasiwasi mwingi. "Kocha, si watatujua?"

"Watatujua. Jumanne watatujua, Jumamosi watatujua. Kujua ni kitu kimoja, kuzuia ni kingine."

Walirudia kila mbinu mara arobaini kwa siku. Waliusukuma mtambo wa chuma wa mazoezi huku Milo kasimama juu yake na goti lake bovu, akiimba, "Kushoto kwanza! Pamoja! Kushoto kwanza!" Ijumaa wale watano walikuwa wananyanyua mguu kama mtu mmoja. Milo alishuka kwenye mtambo akaenda nyuma ya kibanda cha vifaa akatoa leso. Mavumbi, alisema, ingawa mvua ilikuwa imenyesha.

Sasa sikilizeni alivyofanya kwenye mechi yake ya kwanza.

Zilibaki dakika mbili, tuko nyuma kwa pointi tatu, yadi sita tu kutoka mstari wao wa mwisho, ambao ukiuvuka na mpira unapata pointi sita. Milo akaita Katikati. Safu ikanyanyuka, miguu mitano ya kushoto ikatua pamoja, wapinzani wakafunguka kama mlango wa ghala. Milo akaruka juu kwa mguu wake mzima. "Safi, Tavita! Safi kabisa!" Akageuka kuwaamuru wapiga teke waingie wakapige lile teke la pointi ya nyongeza linalofuata baada ya kufunga. Nao, maskini, wakaingia. Walipofika katikati ya uwanja, mwamuzi alimfuata Milo.

"Kocha, wafunge nini? Wenzenu ndio wamefunga."

Yule mkimbiaji wetu alikuwa amepita mlangoni kweli, halafu akauangusha mpira. Jamaa mmoja wa wapinzani akauokota na kukimbia nao uwanja mzima hadi upande wa pili, watu elfu mbili wanapiga mayowe, na Milo Vondracek alikuwa anatazama miguu.

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini yule aliambiwa wiki nzima. Gil Prochaska wa redio ya mjini aliirudia habari hiyo kila asubuhi kabla ya bei ya mahindi. Kwenye mgahawa wa ghala la ushirika wakulima walisimama mmoja baada ya mwingine.

"Milo! Kahawa yako iko mezani. Mezani, Milo. Upande huu."

"Mwacheni, anaangalia miguu ya meza."

Milo alicheka nao, kwa sababu ukikasirika pale umekwisha. Lakini nyumbani hakuila supu.

"Nisimulie," alimwambia Leona.

"Hapana," alisema Leona. "Umechelewa kusimuliwa. Mimi nakusimulia saa kumi na mbili jioni, mechi imekwisha saa kumi. Hadithi haifungi."

Ndipo wazo likaja, na hadi leo wanagombania lilikuja kwa nani. Makocha huvaa hedifoni, na mmoja wao hukaa juu kabisa, kwenye kibanda cha watangazaji, akitazama uwanja mzima na kumwambia kocha mkuu anachokiona. Dellinger aliweka pale kijana mwenye kompyuta mbili. Milo akamweka mkewe, dereva mstaafu wa basi la shule, na darubini ya bata.

"Wewe tazama mpira," alimwambia. "Mimi nitatazama miguu."

"Nimeolewa miaka thelathini na tano ndipo napewa kazi," alisema Leona, na akanunua buti mpya za kupandia ngazi.

Mechi ya pili tulipigwa kwa pointi kumi. Ya tatu tulipigwa kwa mbili, na baada ya ile ya tatu vijana walikaa kwenye basi wakilia kimya, Wyatt kaziba uso kwa fulana. Sitaki kuwaficha: Milo mwenyewe alifika nyumbani akasema sasa sifuri ameshaiona ilivyo, ina kidoa cha shaba juu kushoto. Leona alimwambia akalale.

Ikabaki moja. Na hiyo moja ilikuwa na Ansel Ridge, jirani zetu wa ng'ambo ya mto. Hawa wamekuwa wakitudharau tangu enzi za mababu, na mwaka ule walikuwa wamefungwa mara moja tu. Walikuja na mabasi kumi ya mashabiki na bango refu: KARIBUNI KWENYE SIFURI. Upepo ulitoka kaskazini, wa kukata masikio. Wakulima walikuwa wamemaliza kuvuna, kwa hiyo jukwaa lilijaa. Wengine walikuja kutia moyo, wengine, kusema kweli, walikuja kwenye mazishi.

Mapumziko yalipofika, Ansel Ridge walikuwa na ishirini na sisi sita. Hata zile sita zingekuwa saba kama mpiga teke wetu asingegonga nguzo. Ndani ya chumba cha kubadilishia nguo Milo hakupiga kelele.

"Wamechoka," alisema.

"Kocha, wanaongoza kwa kumi na nne," alisema Wyatt.

"Mimi sijui matokeo, Leona ndiye anajua. Mimi nimeona miguu na mikono yao. Mwanzoni walikuwa wanainama na uzito wote uko kwenye vidole vya mikono, mpaka vidole vinakuwa vyeupe. Sasa wanagusa majani tu. Hawataki tena kugongwa. Asiyekubali kushindwa si mshindani, sawa, tumekubali mara tisa. Leo basi. Bandu bandu huisha gogo. Rudini mkabandue."

Wakaenda kubandua. Kulia, yadi tatu. Kushoto, yadi nne. Katikati, yadi tatu. Mpira wa aina hii haupendezi macho, na mashabiki wa Ansel Ridge walipiga miayo kwa makusudi. Lakini ukipata majaribio manne ya kusogea yadi kumi, na kila mara unasogea tatu na kidogo, hakuna anayekupokonya mpira. Tukafunga, na safari hii teke likapita. Ishirini kwa kumi na tatu.

Dakika nane kabla ya mwisho tulipata mpira kwenye yadi ya nane yetu wenyewe. Uwanja mzima, yadi tisini na mbili, ulikuwa mbele ya vijana waliofungwa mwaka mzima. Kulia. Kulia. Katikati. Kushoto. Dakika zikawa sita, zikawa nne, zikawa mbili na nusu. Kisha wakabanwa: jaribio la mwisho, na zinahitajika yadi tano.

"Milo," sauti ya Leona ilisema masikioni mwake, tulivu kama ya mtu anayerudisha basi nyuma. "Yule wao wa mwisho kabisa, namba kumi na saba, kasogea mbele. Kaja kuzuia Katikati kama wengine. Nyuma hakuna mtu. Hakuna mtu kabisa."

"Una hakika?"

"Nimeendesha watoto wa watu miaka ishirini na sita. Nikisema barabara ni nyeupe, ni nyeupe."

"Ya Nne," alisema Milo.

Wyatt akarudi hatua tatu. Safu ikasimama imara, na Milo aliitazama safu ikisimama, mpaka jukwaa likalipuka.

"Kadaka?" aliuliza.

"Kadaka! Kadaka, anakimbia, anakimb... wamemwangusha. Yadi ya kumi na moja. Yao, Milo! Yadi ya kumi na moja yao!"

Kushoto. Kulia. Katikati. Katikati tena, na mkimbiaji akaanguka juu ya mstari mweupe zikiwa zimebaki sekunde kumi na tisa. Ishirini kwa kumi na tisa.

Hapo ndipo kocha anapojulikana ni nani. Baada ya kufunga unaruhusiwa kuchagua: teke upate pointi moja, mgombee tena kwenye muda wa nyongeza, au uwekewe mpira yadi tatu kutoka mstari, uuvushe mara moja tu, upate mbili. Ukishindwa, basi. Wasaidizi wote wa Milo walikuwa wanapiga kelele, "Teke! Teke!" Milo akaomba muda, akaingia uwanjani akivuta mguu hadi kwa wale watano.

Walikuwa na damu mikononi na matope usoni. Tavita akatema mate pembeni.

"Kocha, yule ninayegongana naye anahema kama trekta la babu yako. Kaweka mikono magotini."

"Nimemwona."

"Basi unatuuliza nini?"

"Siwaulizi," alisema Milo. "Nimekuja kuwatazama tu."

Akarudi. Ikaitwa Katikati.

Kila mtu alijua. Ansel Ridge walijua, wakaanza kuitana, "Katikati! Wanakuja katikati! Jazeni katikati!" Yule mnene aliyekabiliana na Tavita akamnyooshea kidole.

"Unakuja hapa, najua!"

"Ndiyo, kaka, hapo hapo," Tavita alimjibu akiinama juu ya mpira. "Ulitaka nikupigie simu?"

Mpira ukatoka. Sauti ya mgongano, wanasema waliokuwa chini, ilikuwa kama gari la mahindi likimwaga mzigo. Halafu lilikuwa rundo tu, watu ishirini na mbili juu ya watu, na chini yao mahali fulani mkimbiaji na mpira. Waamuzi wanne wakakimbilia rundo wakaanza kuvuta watu mmoja mmoja. Upepo ukasikika ukipiga kamba za bendera.

"Sioni!" Leona alilia masikioni mwake. "Milo, wamelaliana, sioni kitu! Mungu wangu, sioni!"

"Tumeingia," alisema Milo.

"Umeuona mpira?"

"Sijauona. Nimeona visigino vya Tavita. Viko ndani ya mstari yadi mbili nzima, na huyo mwenye mpira alikuwa kamshika mgongoni. Sasa atakuwa amebaki wapi? Leona, tumeingia. Tumeingia, mke wangu!"

Alikuwa anapiga kelele na machozi yanamtoka, peke yake katika uwanja mzima, kwa muda wa sekunde nne labda, kabla mwamuzi hajasimama kutoka kwenye rundo na kuinua mikono yote miwili juu, ishara kwamba mpira umevuka. Ishirini na moja kwa ishirini, yetu.

Kilichofuata siwezi kukisimulia chote. Watu wa Dvorsky si watu wa kukumbatiana, lakini nilimwona Gil Prochaska akiacha redio hewani bila mtu na kushuka ngazi mbili mbili. Nilimwona Wyatt kapiga magoti peke yake kwenye matope, anacheka. Sekunde zilizobaki zilichezwa, nadhani. Leona alipita katikati ya umati na buti zake mpya, hedifoni bado kichwani na waya unamfuata nyuma kama mkia.

Safu ikamjia Milo. Hapa desturi ni kumbeba kocha begani akishinda kikubwa, lakini Milo hajawahi kubebwa, na ana kilo mia moja na ishirini.

"Hapana! Goti langu! Tavita, nakuonya!"

"Nyamaza, Kocha. Kushoto kwanza," alisema Tavita, na watano wakainuka naye pamoja.

Daktari Lindqvist alikuja na koti lake jekundu akampa mkono, ikabidi aunyooshe juu kama mtu anayechuma tunda.

"Hongera, Milo! Njoo ofisini Jumatatu, tuzungumze!"

"Asante, Daktari!" alimjibu kutoka juu, kofia imekwenda upande, uso umelowa wote. "Nitakuja! Sasa hivi siwezi kushuka, hawa hawanisikii!"

Na kweli hawakumsikia. Walipita naye mbele ya jukwaa zima, wale vijana watano wanene ambao hadi siku ile hakuna aliyejali majina yao, na watu wakawa wanawaita mmoja mmoja kwa jina, Leota, Kubik, Mbali, Adeyinka, Straka, mpaka sauti zikakauka. Leona alitembea kando yao kashika kiatu cha mumewe. Yule kijana aliyeuvusha mpira alikuwa huko nyuma, anashangilia kama sisi wengine, na hadi leo ukiuliza mjini ni nani, watu hufikiri kwanza.